STAA ANAWAUZIA WANACHUO VIWANJA VYA PERAMIHO, YEYE MWENYEWE BADO MPANGAJI!

Kuna kaka mmoja Dar, jina kapuni, aliyewahi kutamba na ngoma moja tu redioni kisha akapotea mazima. Sasa kaibuka upya. Uimbaji kaacha, siku hizi anajiita "mwalimu wa uwekezaji". Suti kali, saa inayong'aa, laivu kila Jumapili usiku, na wimbo wake umebaki mmoja: mwanachuo, usimalize chuo bila kiwanja.

Maneno matamu kinoma. Nani asiyetaka kuvaa joho la mahafali huku ana kiwanja mfukoni? Kwenye kila posti yake maoni yanafurika mioyo na mikono ya sala. "Nimeelewa kaka." "Umenifungua macho bro." "Wapi nalipia?"

Hapo kwenye "wapi nalipia" ndipo stori ilipo.

Maana huyu kaka hafundishi bure. Kila somo lake linaishia kwenye tangazo la viwanja. Safari hii tangazo lilikuwa la Peramiho, kule Songea, mkoa wa Ruvuma. Bango lina mnara wa kanisa la abasia, lami nyeusi, milima ya kijani kwa nyuma na maandishi makubwa: KIANZIO LAKI TATU TU, LIPA KIDOGO KIDOGO, OFA YA WANACHUO.

Ukiliangalia haraka, unaweza kudhani na watawa wa pale wamo kwenye dili. Hawamo. Mtu kachukua picha ya mnara akaibandika kwenye biashara yake. Mnara hauwezi kuruka kwenye maoni ukasema "jamani mimi simo".

BINTI ALIYEAMINI

Sasa kuna binti mmoja, mwenyeji wa hukohuko Peramiho, anasoma mwaka wa pili kwenye chuo cha mkoa mwingine. Mtoto wa mama mkulima. Alipoona jina la kwao kwenye simu, moyo ukamlipuka. Yaani mastaa wa Dar wanapagombania nyumbani, halafu yeye mwenye kwao akose?

Bei ya kiwanja ilikuwa milioni 2 na laki 4. Kianzio 300,000, halafu 150,000 kila mwezi kwa miezi 14. Kianzio alikitoa mama yake baada ya kuuza gunia tano za mahindi zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya mbolea ya msimu. Mama hakuuliza sana. Mtoto ndiye msomi, mtoto kasema ardhi haiozi, basi.

Zile 150,000 za kila mwezi zilitoka kwenye bumu.

Tupige hesabu ambayo mwalimu wa uwekezaji hajawahi kuipiga laivu. Mkopo wa chakula na malazi wa Bodi ya Mikopo, tangu mwaka wa masomo 2022/2023, ni shilingi 10,000 kwa siku. Siku 60 ni 600,000. Toa rejesho la miezi miwili, 300,000. Inabaki 300,000, sawa na shilingi 5,000 kwa siku, na humo ndani kuna chumba, chakula, vocha, nauli, kutoa kopi za notisi na sabuni.

Binti akaanza kula mara moja kwa siku. Marafiki wakimuuliza anasema anafunga. Anafunga gani Jumanne mpaka Jumanne?

Na kuna jambo lingine ambalo kwenye laivu halitajwi. Bumu siyo zawadi, ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa hiyo mwanachuo anayelipia kiwanja kwa bumu hajawekeza akiba, kakopa pesa akanunua ardhi asiyowahi kuikanyaga. Hata tajiri wa Kariakoo mwenye maduka matatu angeogopa dili kama hilo. Mtoto wa miaka 20 anashangiliwa akilifanya.

MAHINDI YAMETOA NDEVU

Alilipa miezi saba mfululizo. Jumla na kianzio, milioni 1 na 350,000. Risiti zake zote ni picha za skrini kwenye WhatsApp, na pesa zote zilikwenda kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi.

Likizo fupi ikafika. Akapanda basi mpaka Songea mjini, akachukua gari za kwenda Peramiho, kama kilomita 24 hivi. Kesho yake asubuhi akaenda kutafuta kiwanja chake kwa kufuata alama ya ramani aliyotumiwa kwenye simu.

Alama ilimpeleka katikati ya shamba la mahindi. Mahindi mazuri, yameshatoa ndevu. Na mwenye shamba alikuwepo, mzee mmoja anayefahamika na ukoo mzima.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe si wa yule mama wa kule bondeni? Umekuja likizo? Unatafuta nini humu kwenye umande?"

Binti akashindwa kusema. Atasemaje? Atamwambia babu aliyekuwa anampa mahindi ya kuchoma akiwa mdogo kwamba "nimekununulia shamba lako"? Akamwonyesha simu. Mzee akaitazama, akarudisha miwani mfukoni, akacheka kidogo kisha akaacha kucheka alipoona machozi.

Mzee alikuwa anakumbuka. Walikuja vijana wawili na gari dogo, wana kamba na vigingi, wakasema wanapima njia ya umeme. Wakapiga picha nyingi, wakamshukuru, wakaondoka. Vigingi aling'oa mwenyewe wakati wa palizi.

Hiyo ndiyo miliki ya binti: vigingi viwili vilivyokwenda kuwa kuni.

"MIMI NI BALOZI TU"

Binti akamwandikia staa. Siku ya kwanza kimya. Siku ya tatu kajibiwa sentensi moja: wasiliana na kampuni, mimi ni balozi tu. Alipoandika kwenye maoni ya posti, maoni yakafutwa. Alipoandika tena, akafungiwa. Jumapili usiku kaka yupo laivu kama kawaida, safari hii viwanja ni vya mkoa mwingine.

Hapa ndipo hasira inapotakiwa kwenda.

Balozi maana yake nini? Siku ya kupokea chake kwa kila kichwa alicholeta, ni mshirika. Siku ya bango, ni mwenye mradi, maana sura ni yake, sauti ni yake, na wanafunzi waliamini sura hiyo, si kampuni wasiyoijua. Siku mambo yakiharibika, ghafla ni balozi. Faida ina jina lake, hasara haina jina. Anayeazima watu sura yake ili walipe, abebe na lawama wakipigwa. Hata dalali wa chumba wa mtaani, ambaye mjini anatukanwa kila siku, angalau anakupeleka ukaone mlango kabla hujatoa hela.

Na wanaomjua wanasema kaka mwenyewe amepanga, na ile nyumba yenye ngazi za vioo anayopigia picha ni ya kukodi kwa saa. Kupanga si dhambi, nusu ya mji umepanga na maisha yanaenda. Ila mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni ya ofisi ya ardhi hata siku moja, anafundishaje watoto wa watu kumiliki ardhi? Kama viwanja vya Peramiho ni dhahabu, mbona hakununua hata kimoja?

MACHAWA NAO WASIKIE

Watatokea watetezi. Watasema "mna wivu, vijana wasiwekeze?" Watasema "ardhi inapanda bei kila siku".

Ni kweli inapanda. Barabara ya Songea kwenda Mbinga ilipowekwa lami, waliokuwa na maeneo pembeni yake walicheka. Sasa lami inafika mpaka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, na kule bandari inajengwa. Peramiho yenyewe si pori. Wamisionari Wabenediktini wapo pale tangu mwaka 1898. Kuna Hospitali ya Mtakatifu Yosefu inayopokea wagonjwa kutoka mbali, kuna chuo cha uuguzi, kuna shule za ufundi, kuna kiwanda cha uchapaji. Watu wanakuja, watu wanahitaji pa kulala. Mwenye kusema Peramiho ina fursa hajadanganya.

Uongo mzuri huwa una ukweli ndani yake, vinginevyo nani angenunua? Kaka kachukua ukweli wa Peramiho akafungia ndani yake karatasi tupu. Ardhi inapanda bei kwa yule anayeimiliki. Kwa aliyenunua picha ya skrini, kinachopanda ni presha.

Kingine, wazazi waliokuwa mjini mwaka 2009 wanaikumbuka DECI. Ilikuwa "panda mbegu uvune". Watu wakauza vitu vya ndani wakapanda, serikali ikaisimamisha, kilio nchi nzima. Lugha imebadilika tu. Zamani walikuwa wanapanda mbegu, sasa wanapanda bikoni.

SHERIA HAIJIFICHI, TATIZO HAINA FILTA

Hakuna kijana anayetakiwa kuwa mwanasheria ili asipigwe. Mambo ya msingi ni machache, na yapo kwenye sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Kwanza kabisa, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Kwa kiwanja kilichopimwa mjini haki hiyo inakuja na hati ya miaka 33, 66 au 99. Kwa ardhi ya kijiji kuna hati ya hakimiliki ya kimila.

Sasa maeneo mengi ya kuzunguka Peramiho ni ardhi ya vijiji. Na kijiji kina utaratibu wake. Mwenyekiti peke yake hagawi ardhi, awe mcheshi vipi. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Yaani wanakijiji wenyewe wamekaa, wamesikia, wamekubali. Kama mradi wa viwanja upo kweli, kijiji kizima kinaujua, mpaka muuza karanga wa stendi. Binti angepiga simu moja tu kwa mama yake akamwambia "ulizia", stori hii isingekuwepo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata buku:

Moja, kanyaga. Nenda mwenyewe au tuma mtu wa damu yako, tena msimu wa kilimo, uone nani analima hapo.

Mbili, uliza ni ardhi ya aina gani. Wakisema imepimwa, wakupe namba ya kiwanja na kitalu, kisha nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi ujue jina la mmiliki. Wakisema ni ya kijiji, nenda ofisi ya kijiji, omba kuona muhtasari wa mkutano uliopitisha.

Tatu, ongea na majirani wa pande zote nne. Jirani hana kamisheni, ndiyo maana anasema ukweli.

Nne, kama muuzaji ana mke au mume, mwenzie naye aridhie kwa maandishi. Ndoa nyingi zimefufuka mahakamani baada ya mnunuzi kumaliza msingi.

Tano, pesa isiende kwenye namba ya simu ya mtu. Iende benki, kwa jina lililopo kwenye mkataba, na mkataba uupeleke kwa wakili kabla ya kusaini. Na isome ile sentensi ya mwisho yenye herufi ndogo. Mkataba wa binti ulisema ukichelewa miezi miwili kila kitu kimefutika na hela hairudi. Yaani hata kama kiwanja kingekuwepo, bumu likichelewa tu, kimeliwa.

MWANACHUO AANZE NA NINI SASA?

Hapa ndipo walimu wa laivu wanaishiwa, maana majibu ya kweli hayana kamisheni.

La kwanza, anza na kazi kabla ya mtaji. Kila mwaka wa masomo ukianza, wanachuo wapya wanahangaika vyumba. Mwanachuo wa mwaka wa pili anayejua mitaa yote ya kuzunguka chuo, anayejua chumba kipi kinavuja na mwenye nyumba yupi ni mkorofi, anaweza kufanya udalali wa vyumba kwa uaminifu na kulipwa. Hiyo ni biashara ya nyumba tayari. Utajua kodi zinavyopangwa, mikataba inavyoandikwa, wapangaji wanavyokimbia. Ukija kujenga vyumba vyako, hutadanganywa na fundi wala dalali.

La pili, kama una elfu 20 ya ziada, iweke mahali unapoweza kuitoa mama akiugua. Mifuko ya UTT AMIS ipo, inasimamiwa, mtu anaanza na kidogo. Haina mnara kwenye bango lake ila inatoka ukiihitaji. Kiwanja cha mkopo hakitoki. Njaa ya mwezi wa pili haisubiri bei ya ardhi ipande.

La tatu, na hili ndilo zito: angalia nyumbani kwanza. Huyu binti aliyelipa milioni na ushee kwa shamba la babu wa watu, mama yake analima eneo ambalo halina karatasi hata moja. Hakuna hati ya kimila, hakuna jina popote. Siku mama akifumba macho, baba wadogo watakuja na kamba zao, na hao hawatasema wanapima umeme.

Tena walishaanza. Binti alipomgusia baba yake mdogo habari ya kuandikisha lile shamba kwa jina la mama, alijibiwa kwa upole tu, "Mwanangu, wewe utaolewa, ardhi ya ukoo inakuhusu nini?" Mzee anakosea. Sheria zote mbili za 1999 zinasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanaume. Ila sheria haitembei yenyewe kwenda ofisi ya kijiji. Inahitaji mtoto msomi anayejaza fomu, anayemsindikiza mama, anayevumilia kuambiwa "njooni wiki ijayo" mara nne, na anayekaa na wazee wa ukoo kwa adabu bila kurudi nyuma.

Lipi kati ya hayo limewahi kufundishwa laivu Jumapili usiku? Hakuna. Maana mama akipata hati yake, balozi hapati asilimia.

Na hapo ndipo mlango wa kweli ulipo. Shamba la mama lipo umbali wa kutembea kutoka hospitali. Likiwa na karatasi, miaka mitano baadaye binti akiwa kazini, tofali za kuchoma zinafyatuliwa hapohapo, chumba cha kwanza kinasimama, kinapangishwa kwa muuguzi mgeni au mwanafunzi. Chumba cha pili kinajengwa kwa kodi ya cha kwanza. Ni polepole, hakuna picha ya kuposti, hakuna kupiga makofi. Lakini ndivyo Peramiho yenyewe ilivyojengwa, tofali juu ya tofali, watu wakazeeka hapo. Hakuna aliyeijenga kwa laivu.

MWISHO WA STORI? BADO

Pesa haijarudi. Binti karipoti polisi na karudi chuoni, na safari hii bumu anakula. Mama kapanda mahindi bila mbolea ya kutosha, na yanaonekana. Ya babu yanang'aa kijani, ya kwao yana rangi ya njano. Mama hajamsema mtoto hata neno moja, na hilo binti anasema linauma kuliko angechapwa.

Kitu kimoja kimebadilika. Kabla ya kuondoka, mama na mwana waliongozana mpaka ofisi ya kijiji kuulizia hati ya kimila. Wameambiwa warudi. Watarudi.

Na yule kaka? Yupo. Wafuasi wanaongezeka. Jumapili hii ana mada mpya: "Jinsi ya kumiliki nyumba ukiwa na miaka 22". Wanaopanga kuhudhuria wamuulize swali moja tu, kwa heshima zote: kaka, hati ya ya kwako ipo wapi?

Wakifungiwa, jibu wamelipata.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Staa anayetangaza kitu halafu watu wakapigwa, alipe au asilipe? Na nyumbani kwenu, shamba la mama lina karatasi? Dondosha maoni yako hapo chini.